Blanketi Nyuma ya Seva

Dada yangu Tumpe anafanya kazi ambayo hapa kwetu Uyole hakuna anayeweza kuieleza vizuri. Jirani yetu muuza maharage husema anatengeneza kompyuta. Mchungaji akimtambulisha kanisani husema yuko kwenye "mambo ya mitandao", halafu anahamia haraka kwa mtu anayefuata. Ukweli ni kwamba Tumpe anapangisha tovuti. Shule ikitaka ukurasa wake uonekane popote duniani, au kwaya, au nyumba ya wageni, au chama cha wakulima wa parachichi, lazima ukurasa huo ukae ndani ya kompyuta ambayo haizimwi usiku wala mchana. Kompyuta hiyo inaitwa seva, na Tumpe ndiye mwenye seva.

Ana miaka thelathini na mitano, mrefu, anatembea kama mtu aliyechelewa hata akienda kuanua nguo. Alisoma chuo Iringa, na huko ndiko alikokutana na Bushiri, ambaye mpaka leo ni mwenzake wa kazi. Bushiri alibaki Iringa, ana chumba kimoja cha ofisi Miyomboni. Babu zake walitoka pwani, na yeye hachoki kutukumbusha. Tumpe aliolewa na Lugano, dereva wa lori la Tunduma, akahamia Mbeya, nami naishi nao hapa Uyole. Basi kutwa yeye na Bushiri wanaongea kwa simu, na Tumpe huiweka simu mezani kwa sauti kubwa ili mikono ibaki huru. Kwa hiyo sisi wa nyumbani tunamjua Bushiri kwa sauti kuliko kwa sura.

Jambo jingine la kulijua kuhusu Tumpe ni kwamba kwa miaka tisa ya ndoa alikuwa hajasema neno hata moja na baba mkwe wake. Hawakugombana. Kwao Lugano, kule Rungwe, bado wanashika ule utaratibu wa zamani wa Kinyakyusa: mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hawakai chumba kimoja, hawatazamani, na yeye hatamki jina la mzee. Wakikaribia kupishana njiani, mmoja anaingia kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Kwetu sisi wameshaacha siku nyingi, wengine hata wanacheka. Lakini Tumpe aliukuta kwa wakwe akaushika, na wala halalamiki.

"Wenzangu wakwe zao wanawachunguza mpaka chumvi," husema. "Wangu hajui hata kama najua kupika."

Mwezi wa tano mwaka huu mzee huyo, Andendekisye, alikuja Mbeya kutibiwa macho. Daktari akamwambia arudi kila wiki mpaka mwisho wa mwezi wa saba. Lugano akafikiria amweke wapi. Nyumba yetu ina chumba kimoja cha nyuma chenye mlango wake wa nje, ukuta mzima umekitenga na nyumba. Mtu anaweza kulala humo mwaka mzima asionane na wa ndani. Ndicho hicho tu kingefaa kwa heshima ya mzee. Shida ni kwamba seva mpya ya Tumpe ilikuwa humo humo, kwenye meza ya mbao karibu na mita ya umeme.

"Hamna neno," Tumpe alisema. "Mimi nitavuta waya mpaka sebuleni. Mashine haihitaji nikae nayo, inahitaji niongee nayo."

Mzee akaingia, na baridi ya Mbeya ikaingia naye. Mwezi wa sita hapa watu wanatembea na blanketi mabegani asubuhi. Baada ya siku tatu Lugano alitoka kumsalimia baba yake akarudi anacheka.

"Mzee anasema hahami kile chumba. Anasema kile kichuma kinapumua joto kama ng'ombe. Amekisogezea kiti."

"Mwambie asikizoee sana," Tumpe akajibu. "Kikianza kazi rasmi kitakuwa na kelele."

Kazi rasmi yenyewe ndiyo ilikuwa inamnyima usingizi. Kule Ubaruku, Mbarali, kuna umoja wa wenye vinu vya kukoboa mpunga, vinu kumi na kimoja, na mwenyekiti wao ni mama mmoja anaitwa Evarista. Ni Mhehe wa Kalenga aliyeolewa Ubaruku, ana kinu chake mwenyewe, na sauti yake imezoea kushindana na injini. Kila kinu kina tovuti yake inayoonyesha bei ya siku na mchele uliopo, na wanunuzi wa mbali huangalia hapo kabla ya kutuma lori. Mwaka jana, katikati ya mavuno, tovuti moja iliingiwa na virusi, na kwa jinsi aliyekuwa anawapangishia alivyozipanga, zote kumi na moja zikazima siku mbili.

"Watu wakadhani Ubaruku kumeungua," Evarista alimwambia Tumpe alipokuja Mbeya mara ya kwanza. "Sasa mimi nataka mtu mmoja tu wa kuniambia kwamba mmoja akianguka, wengine tutabaki tumesimama. Na sitaki kuelezwa. Nitaona mwenyewe. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita njoo Ubaruku uonyeshe mbele ya wote. Tukiridhika, wote tunakuja kwako. Tusiporidhika tunakwenda Dar."

Tumpe alikubali. Alichokuwa hajamwambia Evarista ni kwamba kulikuwa na barua ya ajira kutoka ofisi moja Dodoma, wanasubiri jibu lake kabla ya mwezi kuisha. Tovuti za shule na kwaya hazitoshi kuendesha nyumba. Vinu vikija, anabaki Mbeya na kazi yake. Visipokuja, anahamia Dodoma, na Lugano anabaki na lori lake huku. Jambo hilo lilijulikana na watu wote nyumbani, na hakuna aliyekuwa analitaja wakati wa chakula.

Sasa seva ni moja, vinu ni kumi na kimoja. Lazima igawanywe, na hapo ndipo Tumpe na Bushiri walipobishana wiki tatu mfululizo mpaka nami nikaanza kuelewa.

Kuna namna mbili. Ya kwanza wanaita kontena. Kila kompyuta ina kiini, yaani ile programu ya ndani kabisa inayogawa nguvu za kompyuta kwa programu nyingine zote. Ukitumia kontena, kila mpangaji anapata chumba chake na kufuli lake, lakini kiini ni kimoja cha wote. Ni nyepesi, inawaka kwa sekunde, na unaweza kujaza wapangaji wengi. Ya pili ni mashine kamili: ndani ya seva unatengeneza kompyuta za kufikirika, kila moja na kiini chake, kama kila mpangaji umemjengea nyumba yake na mita yake. Ni nzito, inakula kumbukumbu ya seva kama nzige. Lakini mmoja akiharibu kwake, ameharibu kwake.

"Dada Tumpe, nyie Wanyakyusa mmezoea ndizi mpaka mnataka kila kitu kiwe na ganda lake," Bushiri alisema siku moja kwenye simu. "Weka kontena. Vinu vyote vinaingia na nafasi inabaki ya kucheza ngoma."

"Na kiini kikigoma, mtani wangu?"

"Kiini hakigomi hovyo."

"Mwaka jana kiligoma."

"Mwaka jana aliyekipanga hakuwa Bushiri."

"Ndiyo hapo sasa. Mama Evarista hamjui Bushiri. Anajua siku mbili za giza."

"Sawa, lakini mashine kamili kumi na moja haziingii humo. Nimepiga hesabu ya kumbukumbu mara mbili. Zinaingia saba, ukijibana. Wale wanne utawalaza wapi, kwa mkweo?"

Tumpe akacheka mpaka akafuta macho. Lakini Bushiri alikuwa amesema kweli. Mwisho wakakubaliana kuonyesha zote mbili. Wangechukua vinu sita kwa majaribio: vitatu kwenye kontena, vitatu kwenye mashine kamili. Pia Tumpe akafufua kompyuta yake ndogo ya zamani, akaiweka chini ya televisheni sebuleni, akaiunga na seva kwa waya, na kila kilichokuwa kwenye diski za seva kikawa kinanakiliwa huko muda wote. Hiyo ingekuwa mahali pa kukimbilia seva ikipata tatizo.

Ijumaa, siku moja kabla ya maonyesho, Tumpe alimwagiza Lugano kwa mzee. Keshokutwa yake, Jumapili, angehitaji kuingia kile chumba kuongeza kijiti cha kumbukumbu kwenye seva, kwa hiyo angeomba mzee awe ameshatoka kwenda ibadani. Lugano akarudi na jibu: mzee amesema asihangaike, yeye mwenyewe atapanga utaratibu wa watu wawili kuwa chumba kimoja bila kuonana. Hakuna aliyeuliza utaratibu gani. Lugano akaondoka na lori lake alfajiri ya Jumamosi, na mimi na Tumpe tukapanda gari la kwenda Mbarali.

Tulifika Ubaruku saa nne. Kule kuna joto na vumbi la pumba, na kila sakafu ya saruji imefunikwa mpunga unaoanikwa, watu wanaugeuza kwa miguu wakipiga soga. Ofisi ya Evarista iko ubavuni mwa kinu chake. Wenye vinu walikuwa wameshajaa, wengine kwenye madebe, wengine wamesimama mlangoni, kila mmoja na simu yake mkononi.

"Kamwene," Evarista akatupokea. "Kaeni. Maji haya hapa. Binti, onyesha."

Tumpe alionyesha. Aliwaambia wafungue kurasa za vinu vile sita kwenye simu zao, akaharibu ukurasa mmoja makusudi, wakaona nyingine tano zinaendelea. Akawaeleza kontena na mashine kamili kwa maneno niliyoyaandika hapo juu. Mzee mmoja akauliza kama mchele wake utaonekana mweupe zaidi kwenye mashine kamili, wakamcheka. Mambo yalikwenda vizuri, mpaka simu ya Tumpe ikatetemeka.

Aliiangalia akaiweka chini. Ikatetemeka tena. Mara ya tatu ilikuwa Bushiri anapiga.

"Unaona ninachoona?" Bushiri hakusalimia. "Joto la seva. Sabini na nane. Asubuhi ilikuwa hamsini. Themanini sasa. Umefunga dirisha?"

"Niko Ubaruku."

"Basi kuna kitu kimeziba nyuma yake. Ile hewa ya moto haitoki. Ikifika tisini na tano inajizima yenyewe, na mbele ya wageni wako."

Ofisi nzima ilikuwa imesikia, maana ndiyo tabia ya simu ya Tumpe. Nilimwona anatazama barabarani, kama mtu anayepima umbali wa kwenda nyumbani. Ni zaidi ya kilomita mia. Halafu akageuka kwa Evarista. Angeweza kusema maonyesho yameisha, awashukuru, akusanye vitu vyake. Hakufanya hivyo.

"Mama, seva inachemka nyumbani. Sijui kwa nini. Naanza kuhamisha vinu vyenu kwenye kompyuta ya pili sasa hivi, mkiangalia. Msifunge simu zenu. Endeleeni kufungua kurasa, kila mmoja ya kwake."

Akavuta kompyuta yake mapajani akaanza.

"Nyumbani kuna nani?" Evarista akauliza.

"Baba mkwe wangu."

"Si umpigie."

Tumpe akatikisa kichwa, macho kwenye kompyuta. Evarista akamtazama kidogo, akatazama kanga aliyojitanda, akakumbuka mgeni wake ameolewa wapi.

"Ahaa," akasema. "Nyie watu wa Rungwe. Lete namba, nitaongea mimi."

Hata namba Tumpe hakuwa nayo. Ilikuwa kwenye simu yangu, nikamsomea mama. Ikaita muda mrefu, kisha mzee akapokea, na Evarista akaiweka kwa sauti kubwa katikati ya meza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ndaga, asante. Nani mwenzangu?"

"Mimi Evarista, natoka Ubaruku, niko na watu wa nyumbani kwako. Baba, hiyo mashine iliyo chumbani kwako, kuna kitu kimeifunika?"

"Haijafunikwa. Nimeweka blanketi."

"Umeliweka wapi?"

"Nimefunga kamba ukutani hadi ukutani, nikatundika blanketi, nimekigawa chumba mara mbili. Mashine upande ule, mimi upande huu. Ili mkwe akija kufanya kazi yake afanye kwa nafasi, tusionane. Limekaa vizuri. Limeigusa kabisa mgongoni, hakuna upenyo hata wa kidole."

Wenye vinu wakaangaliana. Kutoka kwenye simu ya Tumpe sauti ndogo ya Bushiri ilisikika ikisema, "Mungu wangu, amemfungia pumzi."

Tumpe alimnong'oneza Evarista sikioni, maana sauti yake haikupaswa kumfikia mzee. Evarista akaisema kwa sauti ya injini.

"Baba, tunaomba uliondoe."

"Nikiliondoa tutaonana."

"Mkwe wako hayuko hapo. Yuko huku, Ubaruku."

"Leo. Lakini yule ana miguu ya haraka, namsikia kwenye ukuta kila siku. Anaweza kuingia wakati wowote, anikute niko wazi kama mbuzi sokoni. Hapana, mama. Heshima haiondolewi kwa simu."

"Themanini na nane," Bushiri akasema.

"Baba, mashine imepata joto kali. Itaharibika."

"Joto?" Sauti ya mzee ikabadilika kabisa, ikawa ya mtu aliyeko kazini. "Sasa si mngesema hivyo tangu mwanzo. Mimi nimeendesha injini ya kusaga mahindi Tukuyu miaka ishirini na sita. Injini ikichemka dawa yake ni moja. Ndoo iko hapa mlangoni imejaa. Niimwagie yote au nusu?"

Na hapa ndipo Evarista, ambaye naye amekaa na injini zinazopozwa kwa maji maisha yake yote, alipoitikia bila kufikiri.

"Nusu kwanza, baba. Taratibu, isije ikapasuka."

Wenye vinu wakatikisa vichwa kukubali. Ni kweli kabisa, ndivyo inavyofanywa.

"Hapana, baba, usimwage!"

Ilikuwa ni Tumpe. Alikuwa amesimama, kompyuta ameishika kwa mkono mmoja kama sahani. Hata watu waliokuwa nje wakigeuza mpunga nikawaona wamesimama. Kwenye simu tulisikia mpini wa ndoo unalia.

"Huyo ni nani?" mzee akauliza.

Evarista akamtazama Tumpe ambaye alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

"Ni redio, baba," akasema.

"Redio."

"Ndiyo. Iko hapa dirishani."

Kisha tukasikia mzee anapumua puani, kile kicheko cha wazee kisichotoka nje.

"Redio inaniita baba," akasema. "Haya. Iambieni redio kwamba ndoo nimeiweka chini. Na blanketi nalishusha. Lakini siku redio ikirudi nyumbani, ipige hodi mlangoni, nami nitatoka nikae juani kidogo."

Akakata simu. Watu walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye debe lake. Tumpe alikuwa anacheka ndani ya kanga, mabega yanatikisika, na sikuweza kujua kama kuna machozi humo, lakini alipojifunua uso ulikuwa unang'aa kama amepakwa mafuta.

"Tisini," Bushiri akasema. "Tisini. Tisini. Themanini na tisa. Inashuka, dada Tumpe. Inashuka. Mpe mzee yule cheo."

Ndipo Tumpe akakumbuka kuuliza.

"Jamani. Kurasa zenu zimekuwaje?"

Kila mmoja akaangalia simu yake. Wale watatu waliokuwa kwenye kontena walisema za kwao zilikuwa zimepotea, zikaandika maneno ya Kiingereza, halafu zimerudi. Ilikuwa dakika nne hivi. Kontena ilibidi zizimwe huku na kuwashwa kule. Wale watatu wa mashine kamili hawakuelewa swali.

"Yangu haijafanya kitu," alisema mmoja wao, Jofrey, kijana mwenye kinu cha pili kutoka barabarani. "Kwani ilihama lini?"

"Wakati mzee anaulizia ndoo," Tumpe akajibu. "Ilikuwa inatembea hivyo hivyo na wewe uko ndani yake. Iko kwenye kompyuta ndogo, chini ya televisheni yangu."

Jofrey akaigeuza simu yake nyuma na mbele kama anatafuta nyayo.

"Bushiri, unasikia?" Tumpe akasema.

"Nasikia. Kontena zangu zimezimia, mashine zako zimetembea. Nakubali mbele ya mashahidi. Lakini uwaambie na ukweli mwingine: hizo tatu tu zimeijaza ile ndogo mpaka inatoa jasho. Na kwenye seva kubwa zinaingia saba. Mimi sikusema uongo."

"Hakusema uongo," Tumpe akawaambia wenye vinu. "Mashine kamili ni saba. Ninyi ni kumi na mmoja. Kwa hiyo wanne itabidi wakae na wenzao: mashine moja kamili, ndani yake kontena mbili. Mkiungana wawili wawili, jozi nne, na watatu wakabaki peke yao, tunaenea. Wanaokaa pamoja, mmoja akiharibu kiini, na mwenzake anaumia. Lakini wawili tu, si kumi na mmoja. Hicho ndicho ninachoweza kuwaahidi. Zaidi ya hapo ningekuwa nawadanganya."

Evarista alitoka nje, akaangalia sakafu yake ya kuanikia, akarudi.

"Mimi niliamka leo nikidhani nitaona kitu kisichoharibika," akasema. "Nimeona kinachoharibika, na nimeona binti anakitengeneza mbele yangu bila kujificha. Na mchele wangu muda wote ulikuwa unaonekana, nimeufungua mara kumi. Huko Dar wakichemka nitampigia nani, nani ataniambia? Mimi nakuja. Anayekwenda Dar anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Mzee wa mchele mweupe alinyoosha, lakini alikuwa anaomba maji.

Tumpe aliandika ujumbe wa Dodoma pale pale, mistari miwili, wa kushukuru. Akaniomba nimsomee kama hajakosea heshima. Hakuwa amekosea.

Kilichobaki ni nani akae na nani. Nilidhani hapo patakuwa pagumu, kumbe walikuwa na utaratibu wao tayari. Ubaruku vinu vingine vinachangia sakafu ya kuanikia, huyu anaanika asubuhi, yule mchana, na watu waliochangia sakafu miaka mitano wameshajuana: nani hufagia, nani huacha mawe. Evarista akasema basi waliochangia sakafu ndio wachangie mashine. Jozi tatu zikajipanga zenyewe kabla hajamaliza kusema. Watatu wenye sakafu zao, Evarista mmoja wao, wakapewa mashine zao peke yao. Wakabaki Jofrey na Vitus, jirani yake, mtu mnene mwenye kofia ya sufu hata kwenye lile joto.

"Mimi na huyu hatukai," Jofrey akasema.

"Mnachangia sakafu," Evarista akamwambia.

"Ndiyo maana najua. Kuku wake wanakula mpunga wangu tangu mwezi wa nne."

"Kuku wanakula wa wote," Vitus akasema polepole. "Wako unaliwa zaidi kwa sababu hujui kuusimamia. Unakaa na simu."

"Humo ndani ya mashine hamna mpunga, kaka Jofrey," Tumpe akasema. "Wala kuku haingii."

"Wewe humjui Vitus. Ataingiza."

"Na mimi nikikaa naye," Vitus akasema, "akibofyabofya mambo yake ya kijana akaua hicho kiini, nani atalaumiwa?"

"Kila mmoja atakuwa na kufuli lake. Na nitakuwa nawaangalia nyote wawili, kutwa."

"Nani anafagia?" Vitus akauliza.

Tumpe akafikiri. "Mimi."

Hilo likawatuliza kidogo. Evarista akasema jua linakwenda na mpunga wake haujageuzwa, waseme ndiyo au wabaki nje. Jofrey akasema ndiyo kwa sharti la kuku. Vitus akasema ndiyo bila sharti, ili aonekane mtu mzima kuliko mwenzake.

Tumpe akafungua daftari kuandika majina ya jozi. Aliandika Jofrey juu na Vitus chini. Akaona Vitus anachungulia begani kwake, akafuta, akaandika Vitus juu. Jofrey akavuta debe lake kusogea aone.